Ramani moja, bei tatu zisizolingana: mwongozo kamili wa kuomba makadirio kwa mafundi

Malalamiko ni yaleyale kila mara: "Nilituma ramani kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema milioni 38 na nusu, wa pili 46, wa tatu karibu 50. Nani ananipiga?"

Mara nyingi hakuna anayekupiga. Wewe ulituma picha ya ramani WhatsApp na kuuliza "hii itakula ngapi?", na kila mmoja akapigia hesabu nyumba aliyoiona kichwani mwake. Mmoja aliona nondo za mm 10, mwingine mm 12. Mmoja alihesabu kifusi cha kujazia msingi, mwingine alijua utakinunua mwenyewe. Hizo ni bei za nyumba tatu, na hazilinganishiki.

Mwongozo huu unahusu kuwauliza wote swali moja. Mfano wetu ni nyumba ya vyumba vitatu isiyo ya ghorofa, Dar es Salaam, kutoka msingi hadi lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Ukiwa Mwanza au Dodoma, utaratibu ni uleule. Kinachobadilika ni udongo na bei.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumpigia fundi yeyote

- Seti kamili ya ramani kwa PDF: ramani ya kiwanja, ya sakafu, ya msingi, ya paa, mikato, sura za nje, na jedwali la milango na madirisha.
- Michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo, nguzo, msingi na lenta.
- Kibali cha ujenzi cha halmashauri, au walau ramani zilizokwisha kukaguliwa nao. Wakikurudisha kubadilisha kitu baada ya kupata bei, bei zote zimekufa.
- Tepu ya mita 30 au 50, kikokotoo, na Excel au daftari la mistari.
- Wiki tatu hadi nne. Kama umeshapanga kuchimba Jumamosi hii, fundi ataisikia haraka yako kwenye simu na ataiwekea bei.

## Hatua ya 1: Kagua ramani kwa jicho la anayepiga hesabu

Ramani nzuri ya kuonyesha ndugu inaweza kuwa mbaya kwa kupigia bei. Kaa nayo saa moja na uliza: je, mtu asiyenijua anaweza kuhesabu kila kitu kutoka hapa?

Anza na tarehe na namba ya toleo kwenye kona ya kila karatasi. Kama karatasi ya sakafu ni toleo la 3 na ya msingi ni toleo la 1, rudi kwa mbunifu wako. Ukuta uliosogezwa sakafuni bila msingi wake kusogezwa utakutana nao saiti, na hapo utakuwa unaulipia mara mbili.

Kisha tafuta unene wa kuta, kimo kutoka sakafu hadi lenta, upana na kina cha msingi, na ukubwa wa kila dirisha. Kisichoandikwa, fundi atakikisia.

Onyo: usikubali vipimo vya rula. Ramani iliyochorwa kwa skeli ya 1:100 kwenye karatasi ya A2, ukiiprinti kwenye A4 stesheneri, si 1:100 tena. Andika wazi kwenye maombi yako: "Fuata vipimo vilivyoandikwa, usipime kwa rula."

Umefanikiwa kama: karatasi zote ni za toleo moja, na kila kipimo unachokitaja kwa mdomo kimeandikwa mahali.

## Hatua ya 2: Amua unachokinunua

Kuna namna mbili kuu, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu hesabu za wengi.

Ya kwanza ni ufundi tupu: wewe unaleta saruji, nondo, mchanga, kokoto na tofali, yeye analeta mikono na vifaa vyake vya kazi. Ya pili ni ufundi na vifaa, yeye anabeba kila kitu na wewe unalipa kwa hatua.

Ufundi tupu unaonekana nafuu, na kweli huwa nafuu kwa mtu anayeweza kuwa saiti karibu kila siku. Kama unafanya kazi Muscat, au hata Posta tu na unatoka saa kumi na moja jioni, jumlisha nauli, simu, saruji inayoyeyuka stoo na siku ambazo mafundi wanakaa bure wakisubiri lori la kokoto. Mimi ningemshauri mtu wa namna hiyo aombe bei ya ufundi na vifaa, kisha aombe bei ya ufundi peke yake kwenye safu ya pembeni. Hapo utaona faida ya fundi iko wapi.

Amua pia mwisho wa kazi. "Boma" kwa fundi mmoja linaishia lenta, kwa mwingine linapandisha na kozi za juu, yaani mistari ya tofali juu ya lenta. Andika: "Kazi inaisha lenta ikiwa imemwagwa, mbao zimeondolewa na saiti imesafishwa."

## Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya vipimo yenye bei tupu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaparuka. Unahitaji orodha ya kila kazi, kipimo chake na wingi wake, na safu ya bei iliyoachwa wazi. Saiti kila mtu anaiita BOQ.

Njia bora ni kumlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na AQRB, bodi ileile inayosajili wabunifu majengo. Kwa nyumba ya makumi ya mamilioni, ada yake ni bima. Mwombe nakala mbili: moja yenye bei zake, ambayo hutamwonyesha fundi yeyote, na nyingine yenye bei tupu.

Ukishindwa kumpata, jitengenezee orodha ya kawaida. Haitakuwa kamili, lakini wote wataijaza ileile, na hilo ndilo tunalolitafuta. Panga kwa mfuatano wa kazi yenyewe: kusafisha kiwanja, kuseti (kupima na kuweka pegi), kuchimba, zege la chini, zege la msingi, tofali za msingi, kifusi na kushindilia, mawe, dawa ya mchwa, nailoni, jamvi (zege la sakafu), kuta, lenta.

Wingi unapatikana hivi. Tuseme mtaro wa msingi una urefu wa jumla wa mita 62, upana sentimita 60 na kina mita 1. Kuchimba ni 62 × 0.6 × 1 = mita za ujazo 37.2. Zege la msingi lenye unene wa sentimita 20 ni 62 × 0.6 × 0.2 = mita za ujazo 7.44.

Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula takribani mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo msingi huu unataka mifuko 47 hivi. Iandike namba hiyo pembeni, kwa ajili yako peke yako. Fundi akikuletea mchanganuo wenye mifuko 30, amekusudia zege jepesi kuliko lililochorwa au hakupiga hesabu kabisa. Yote mawili ni vizuri kuyajua leo.

Kuta nazo: ukuta wa mita 10 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 30. Toa madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5, yaani 4.5, na mlango wa 0.9 kwa 2.1, yaani 1.89. Zinabaki 23.61. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huingia kama 9 kwa mita ya mraba, kwa hiyo tofali 213. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, unapata 224. Fanya hivyo kwa kila ukuta. Inachosha, lakini jioni mbili zinatosha.

Chini ya kila kazi andika ubora unaoutaka. "Lenta" haitoshi. "Lenta ya zege 1:2:4, nondo 4 za mm 12, ringi za mm 8 kila sentimita 20, kama mchoro wa mhandisi" inatosha, ikiwa ndivyo mchoro wako unavyosema. Nakili kutoka kwa mhandisi, usibuni.

Sasa ongeza mistari ambayo husahaulika na baadaye hurudi kama "boss, kuna kitu hatukukihesabu":

- mbao za kumwagia zege na mirunda ya kushikilia
- waya wa kufungia nondo na misumari
- maji ya ujenzi, pamoja na ya kumwagilia zege na kuta
- kibanda cha stoo na mlinzi wa usiku
- usafiri, hasa kama lori halifiki kiwanjani wakati wa masika
- kuondoa udongo uliozidi

Ndugu yangu mmoja alijenga kwenye kiwanja cha mteremko na mstari wa kifusi haukuwepo kwenye makubaliano. Msingi ulipofika usawa wa jamvi, upande wa bondeni kulikuwa na shimo la kumeza daladala. Kazi ilisimama miezi miwili akitafuta pesa ya kulijaza.

Umefanikiwa kama: mtu asiyejua nyumba yako anaweza kujaza safu ya bei bila kukupigia simu zaidi ya mara moja.

## Hatua ya 4: Chagua watu watatu au wanne

Wawili ni wachache. Wakitofautiana hujui nani yuko karibu na ukweli. Saba ni wengi, na watu wazima hawapendi kupoteza siku mbili kwa kazi yenye nafasi moja kati ya saba.

Tafuta kwa nyumba, usitafute kwa maneno. Pita mtaani, tazama boma lililonyooka, muulize mwenye nyumba nani alilijenga na kama angemrudia. Nenda ukaone kazi moja aliyoimaliza na moja inayoendelea. Inayoendelea ina habari zaidi: angalia kama tofali zinamwagiliwa, nondo zimeachwa kwenye tope au zimeinuliwa, saruji iko juu ya mbao au chini sakafuni.

Kwa mkandarasi wa kampuni, omba namba ya usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na uihakikishe kwenye bodi yenyewe. Makandarasi wa majengo wamegawanywa madaraja, la kwanza hadi la saba, na la saba ndilo la chini. Kwa nyumba ya kawaida huhitaji wa daraja la kwanza. Gharama za ofisi yake utazilipa wewe.

## Hatua ya 5: Tuma kifurushi kimoja, siku moja

Tuma PDF kama dokumenti, si picha. WhatsApp huminya picha na vipimo vidogo havisomeki. Andika jina la mpokeaji kwenye kila nakala, na mtaarifu mbunifu wako kwamba unazisambaza. Ni kazi yake, na usingependa kuiona nyumba yako imeota Bunju na Chanika kwa wakati mmoja.

Ujumbe wenyewe uwe kama huu:

"Habari za kazi, fundi. Naomba bei ya ujenzi wa nyumba ya vyumba vitatu, msingi hadi lenta, ufundi na vifaa. Nimeambatisha ramani toleo la 3, michoro ya mhandisi na BOQ. Tafadhali jaza bei kwenye kila mstari, usibadilishe wingi. Ukiona wingi umekosewa au kitu kimesahaulika, kiandike mwishoni kwenye karatasi tofauti. Onyesha kama bei ina VAT, itadumu siku ngapi, kazi itachukua wiki ngapi, na unapendekeza malipo ya hatua gani. Tutaonana saiti Jumamosi saa tatu asubuhi. Majibu mwisho tarehe 20."

Wape siku 10 hadi 14. Bei inayokuja kesho yake asubuhi haikupigiwa hesabu.

Onyo: usitaje bajeti yako. Ukisema una milioni 45, utashangaa jinsi bei zote zitakavyozunguka 44 na 46.

## Hatua ya 6: Waonyeshe kiwanja

Hakuna bei ya msingi inayoaminika kutoka kwa mtu ambaye hajaona udongo. Kabla hawajafika, chimba shimo la majaribio la kina cha mita 1 au zaidi kidogo. Goba na Kimara watauliza mteremko. Kigamboni kwenye mchanga watatazama kama kingo za mtaro zitasimama. Bondeni watatazama maji.

Ukiweza, wape saa tofauti siku hiyohiyo. Andika kila swali wanalouliza. Jioni, tuma majibu yote kwa wote, bila kusema nani aliuliza nini. Mmoja akigundua kwamba ramani haikuonyesha karo, wengine nao wajue, la sivyo ulinganifu umeshavunjika.

Fundi anayeuliza maswali mengi mwandikie alama nzuri. Anayetazama kiwanja kutoka kwenye bodaboda na kusema "hakuna shida, bosi" pia mwandikie alama yake.

## Hatua ya 7: Sawazisha bei kabla ya kuzilinganisha

Bei zimerudi. Usitazame jumla kwanza. Fanya mambo haya kwa mfuatano.

Rudia hesabu. Zidisha wingi kwa bei, mstari kwa mstari. Makosa ya kujumlisha ni ya kawaida, na ukiyakuta mwambie mhusika ayathibitishe kwa maandishi. Kosa la kumuumiza yeye litakuumiza wewe baadaye, akiishiwa pesa katikati ya kazi.

Tafuta mistari mitupu. Penye nafasi tupu au "mteja ataleta", weka bei ya juu kati ya wenzake.

Ongeza VAT panapostahili. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Wewe mwenye nyumba hutarudishiwa, kwa hiyo linganisha pesa itakayotoka mfukoni.

Turudi kwa mafundi watatu wa mwanzo, kwa tarakimu za kujifunzia. Wa kwanza alisema 38,500,000. Hakuweka kifusi, ambacho kwa mwenzake wa juu ni 2,800,000. Dawa ya mchwa 500,000. Mbao na mirunda 3,300,000. Hapo amefika 45,100,000. Kisha unaona lenta yake ina nondo za mm 10 badala ya mm 12. Ulipomuuliza, tofauti ikawa 1,700,000. Bei yake halisi ni 46,800,000.

Wa pili alisema 46,200,000, na chini kwa maandishi madogo: "bila VAT". Kampuni yake imesajiliwa VAT, kwa hiyo 46,200,000 × 1.18 = 54,516,000.

Wa tatu, aliyeonekana ghali kwa 49,800,000, alikuwa ameweka kila kitu pamoja na VAT. Anabaki palepale.

Aliyekuwa wa kati sasa ndiye ghali kuliko wote, na pengo la milioni 11.3 kati ya wa kwanza na wa tatu limebaki milioni 3. Sasa unaweza kuuliza swali la maana: je, ile stoo nadhifu na zile kuta zilizonyooka za wa tatu zina thamani ya milioni 3 kwangu?

Mwisho, tazama pesa iko hatua gani. Kuna mtu hupandisha bei ya msingi na kushusha ya kuta na lenta, ili achukue pesa nyingi mapema. Jumla yake inavutia. Lakini akiondoka baada ya jamvi, ameshalipwa zaidi ya alichokifanya, na fundi mpya hatakubali kumalizia kuta kwa bei ile ya chini. Ukiona mstari mmoja uko mbali sana na wa wengine wawili, juu au chini, omba maelezo.

Umefanikiwa kama: una karatasi moja yenye safu tatu, hakuna nafasi tupu, na unaweza kueleza kila tofauti kubwa kwa sentensi moja.

## Hatua ya 8: Kaa na mmoja, funga kwa maandishi

Mwite unayempendelea mpitie mstari kwa mstari. Unaweza kuomba punguzo, lakini usimwonyeshe karatasi ya mwenzake. Mafundi wa eneo moja wanajuana, na mtu aliyeshushwa kwa mnada hupata faida yake mahali pengine, kwa kawaida kwenye saruji.

Mkataba utaje namba ya toleo la ramani, uambatishwe na BOQ iliyojazwa, na kila ukurasa usainiwe. Malipo yafuate kazi iliyokwisha: msingi, jamvi, kuta, lenta. Ukitoa kianzio, kifungamanishwe na vifaa vilivyofika saiti, na uwe mgumu kwa anayetaka nusu ya pesa kabla ya kuweka pegi. Zuia asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo hadi kipindi mlichokubaliana cha kurekebisha kasoro kiishe.

Weka na kifungu cha mabadiliko: hakuna kazi ya nyongeza bila bei iliyoandikwa na kukubaliwa kwanza, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Bei za BOQ ndizo zitumike kupimia nyongeza. Ukiongeza ukuta wa stoo, unazidisha tu mita za mraba kwa bei ambayo fundi mwenyewe aliiandika.

Halafu wapigie wale wawili waliokosa, siku hiyohiyo, uwashukuru. Walikufanyia kazi ya siku mbili bure, na kupaua bado kunakusubiri.